Vipande Vifupi

Kwa miaka thelathini, magogo ya shamba lao la miti yalikatwa kwa kipimo kimoja: urefu wa mpini wa shoka. Yalibebwa na kusukumwa kwenye toroli na watu wawili, mume mbele, mke nyuma, wakigombana njia nzima. Kwa hiyo asubuhi ile mke alipofika na toroli akakuta rundo la vipande vya nusu mpini, damu ilimchemka.

"Baba watoto, akili zimekuruka? Hizi ni kuni au vijiti vya kuchokolea meno?"

 Tangu mumewe arudi hospitali wiki iliyopita, akasema daktari kaona kikohozi tu, maneno yalikuwa yamemwishia. Alipanga vipande kwenye toroli, akasogea pembeni.

"Hebu sukuma. Peke yako."

Mke akasukuma huku akifyonza. Toroli likapanda kilima bila tabu, likafika hadi mlango wa jiko. Akashusha kipande cha kwanza kwa mkono mmoja, cha pili kwa mkono mmoja. Cha tatu akakiacha kidondoke. Kumbe haikuwa kikohozi tu!

Akateremka mbio. Mumewe alikuwa ameegemea shina, akihema, msumeno mapajani.

"Kata virefu!" akamfokea, machozi yakimlengalenga. "Vya kubebwa na wawili, kama siku zote!"

 Mzee akainuka kwa shida, akapima nusu mpini, akaanza kukata.