Kikombe cha Faridah Kwenye Miwani Mbili

Nimeendesha basi Landani miaka ishirini na tisa, na siku moja ya ukungu niliuvuka mto Thames bila daraja, abiria hawakulowa hata soksi. Dhiren, jirani yangu hapa Hayes, mwenye duka mstaafu aliyezaliwa Mombasa, kisa hicho amekisikia mara mia. Ndiyo maana Jumapili ile alinitega.

Tulikuwa tukilinganisha miwani za kutazamia picha kwenye kompyuta. Skrini huonyesha picha ya jicho la kushoto, kisha ya jicho la kulia, upesi upesi. Miwani nayo hufumba kioo kimoja na kufumbua kingine kwa zamu, na picha bapa ikawa na kina. Yangu ina waya wa kuchomeka kwenye kompyuta, yake haina. Picha ilikuwa moja tu: marehemu mke wangu, Faridah, akinipa kikombe cha chai. Niliipiga kwa kamera yenye lenzi mbili. Tangu nimzike nilitaka jambo moja, mkono ule utoke kwenye skrini unijie.

Dhiren akavaa yangu kwanza. "Lo, Bi Faridah! Chai itanimwagikia!"

Nikavaa yake. Faridah kalala bapa kama stempu kwenye bahasha.

"Yako mbovu," nikasema.

"Haya, bwana mkubwa, jaribu yako."

Nikaivaa. Kikombe kikawa viwili, kimoja kivuli cha mwenzake. Nikadhani ndicho kina chenyewe.

"Huu ndio mtambo! Mvuke umenilowesha ndevu!"

Dhiren akacheka mpaka akakohoa, akainua ncha ya waya. "Nimeuchomoa, mwongo we! Hiyo imekufa, haifumbi kioo chochote. Yangu iliyo hai ndiyo umeiita mbovu..." Kicheko kikamkatika. "Ameir. Hebu ngoja."

Akaniziba jicho la kushoto kwa kiganja. Faridah akatoweka, na chumba kizima naye.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Na hospitali?"

"Walipiga simu. Nikawaambia naona mpaka Pemba."

Hakucheka. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, ndege ikapita juu ya paa kwenda kutua. Nikamrudishia miwani yake, yeye ambaye hajawahi kudanganya hata katika kuuza mchele.

"Niambie mkono umefika wapi. Ila usitie chumvi."

Akatazama muda mrefu.

"Haujakufikia," akasema. "Umebakisha kama shubiri moja."