Mlima wa Barabara Kuu

Vitabu vya shule vinasema barabara kuu ya mji wetu mkuu inapinda ili kuukwepa mlima. Mlima gani? Pale ni bapa kama sinia. Nimechoka kunyamaza, acha niseme: barabara ile ilipindishwa na bibi yangu mzaa mama, dobi.

Enzi hizo mji mkuu wenyewe ulikuwa mahema kumi na moja na tope. Wapima ardhi walikuja na amri kwamba barabara inyooke kama rula, kutoka stesheni hadi ikulu, ambayo nayo ilikuwa haijajengwa. Bibi aliwafulia mashuka. Nyumba yake, vyumba viwili na jiko alilolijenga kwa mikono yake baada ya kufiwa na mume, ilikaa katikati kabisa ya hiyo rula.

"Dada, Jumatatu tunabomoa," mpima mkuu alimwambia, macho chini. Hakuwa mtu mbaya.

"Mimi na mtoto twende wapi?"

"Hilo halimo kwenye ramani."

Wapima wakapiga vigingi, wakakaza kamba toka kigingi hadi kigingi ili waashi waifuate. Kisha mpima mkuu akasafiri siku mbili kwenda kumchukua mkubwa wake. Nyuma huku bibi akatoka na beseni la mashuka kumi na nane. Akaona kamba mpya, imekazwa vizuri, tena karibu na mlango. Akaanika. Upepo ukavuma, vigingi vinne vikang'oka kwenye tope. Bibi, mstaarabu wa watu, akavichomeka tena palipoonekana panafaa. Palipofaa, kwa bahati tu, palikuwa nyuma ya choo, mbali na jiko.

"Ningejuaje mambo ya vipimo, mimi?" alituambia maisha yake yote, huku akitazama dari.

Waashi hawakuuliza, wao hufuata kamba. Jumatatu asubuhi gari la mkubwa liliposimama, mawe yalikuwa yameshapangwa, yameizunguka nyumba ya bibi kwa adabu zote.

"Mbona inapinda?" mkubwa akauliza dirishani.

Mpima akatazama mawe. Akamtazama bibi mlangoni, mtoto mgongoni, mashuka yaliyopigwa pasi mikononi. Akaelewa kila kitu, na akajua kibarua chake kinaweza kuota nyasi papo hapo.

"Kuna mlima, mheshimiwa."

"Siuoni."

"Ni mfupi. Lakini mbishi, hauondoki."

Mkubwa akaangalia tope, akaangalia viatu vyake, akabaki garini. "Basi uchore," akasema.

Nyumba ikapona. Mama alikulia humo, nami nikazaliwa humo.

Bibi alipotimiza miaka tisini, ramani ile ya kwanza iliwekwa makumbusho. Nikampeleka. Macho yake yalikuwa yamechoka, akaniambia nimwonyeshe nyumba yake.

"Hawajachora nyumba, bibi. Kuna mlima."

Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya huo mlima.

"Sensa waliniruka," akasema. "Hati ya kiwanja wakamwandika kaka yangu. Kumbe kuna mtu aliniandika."

Akalia, nami nikalia naye bila aibu. Mlinzi akatusogelea, akasema haturuhusiwi kugusa.

"Niache nishike, mwanangu," bibi akamwambia. "Huyu mlima ni mimi."