Kwa Mdomo wa Mgeni

Kopo la Mama Sanga lilikuwa tupu. Lilikuwa limeoshwa, limepanguswa, limefunikwa na kuwekwa kizingitini, pale pale ambapo kwa miaka thelathini akina mama wa kanisa walilikuta kila Jumamosi likiwa na mchele wa wiki: konzi moja ya asubuhi na konzi moja ya jioni, zilizotengwa kwa ajili ya Bwana kabla sufuria haijaonja hata punje.

Hmangi, mke wa Mwalimu Thuama, alilitua kapu lake karibu na jiko, akauvua ukanda wa kulibebea kutoka kwenye paji la uso, akamtazama mumewe aliyekuwa akinywa chai ya sukari guru.

"Baba Zova, Mama Sanga hakutoa."

"Kasahau labda."

"Kasahau!" Hmangi alicheka kicheko kisicho na furaha. "Siku ya kumzika mwanawe alitenga. Nyumba imejaa watu, jeneza liko pale, yeye kaingia jikoni kutenga konzi yake. Leo ndiyo asahau? Halafu kopo kaliosha. Mtu aliyesahau haoshi kopo."

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Kasema, 'Mama Zova, Mungu hapokei kitu kutoka mkononi mwangu. Msisumbuke tena kupitia hapa.' Kisha akaurudisha mlango polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto."

Thuama aliiweka bilauri chini. Chai ilikuwa bado ya moto.

Alijua. Katika kijiji chote cha Tlangsei, kuanzia nyumba za ukingoni zinazoning'inia juu ya bonde hadi zile za karibu na kanisa, hakuna mwingine aliyejua kwa nini kopo lile lilikuwa tupu. Alijua kama mtu anavyojua mwiba ulipoingilia, hata ngozi ikiwa imejifunga juu yake.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefundisha darasa la watu wazima kila Jumapili asubuhi, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la kuyapima mahubiri. Je, yanapatana na Maandiko? Je, yanamwinua Kristo au yanamwinua msemaji? Je, mnyonge anatoka kanisani ameondolewa mzigo au ameongezewa? Alilifundisha vizuri mno, hata watu wakaacha kupima wenyewe. Ilikuwa kazi rahisi zaidi kuutazama uso wake. Mhubiri akipotoka, nyusi za Mwalimu zilikutana. Akienda sawa, zilitulia. Vichwa viligeuka kwanza upande wa wanaume, alikoketi, kisha ndipo watu wakasema amina.

Mwaka jana alikuja Mhubiri Jeyakumar kutoka nchi ya tambarare, mtu mwenye sauti ya kujaza bonde, akihubiri kwa Kiingereza siku tatu mfululizo. Thuama akawekwa kushoto kwake kutafsiri. Siku ya pili mgeni alifika kwenye wagonjwa. Alisema kwamba Mungu hamnyimi uzima mtu mwenye imani. Basi kama uliomba na mgonjwa wako akafa, jichunguze, kwani imani yako ilikuwa na tundu.

Ulimi wa Thuama ulisimama. Upande wa wanawake, benchi la tatu, alikuwa amekaa Mama Sanga. Ilikuwa miezi minane tangu ugonjwa wa damu umuue mwanawe Sanga akiwa na miaka ishirini na sita, baada ya kanisa zima kufunga siku tatu kwa ajili yake. Watu wa vilima vile humwita mzazi kwa jina la mtoto, na jina halikuzikwa pamoja na mwenyewe. Kila aliyemsalimu mama yule alimtajia maiti wake.

Thuama akafungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa cha mgeni.

"Ninyi mlioomba na bado mkazika," alisema, "msijipekue mkitafuta kosa. Mwana wa Mungu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Je, imani yake ilikuwa na tundu?"

Mama Sanga aliinamisha kichwa akalia kama mvua iliyozuiliwa msimu mzima. Wengine wakafuata. Mgeni alipoyaona machozi akadhani ni yake. Akapandisha sauti, na kadiri alivyozidi kupotoka ndivyo Thuama alivyozidi kunyoosha. Walikuwa kama mafundi wawili kwenye ukuta mmoja, huyu akibomoa na yule akijenga, na watu wanauona ukuta tu.

Ibada ilipokwisha, Mama Sanga alikwenda nyumbani akarudi na shuka aliyoifuma kwa ajili ya arusi ya Sanga. Akaitia mikononi mwa mgeni. "Mwambie," alimwomba Thuama, "amenitoa kaburini."

"Anakushukuru," Thuama alitafsiri.

Na wazee wa kanisa walipomuuliza kama mtu yule anafaa kualikwa tena, alisema, "Anahubiri vizuri." Angesema nini? Kusema vingine kungekuwa kukiri kwamba kanisa zima lilikuwa limeguswa na maneno yake yeye, mwalimu wa shule, ambaye mara mbili alipigiwa kura ya uzee wa kanisa na mara mbili hakupita.

Basi mgeni akarudi mwaka huu, wiki tatu zilizopita. Koo la Thuama lilikuwa limevimba. Aliyetafsiri alikuwa Remi, muuguzi wa zahanati, binti makini kama sindano zake. Mgeni akafika pale pale. "Kama nilivyowaambia mwaka jana," alisema, na Remi akasema, "kama nilivyowaambia mwaka jana, aliyefiwa baada ya kuomba na ajichunguze, kwani imani yake ilikuwa na tundu."

Kanisa likaganda. Kisha, kama ilivyo desturi, vichwa vikageuka kuutazama uso wa Thuama.

Thuama alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mwalimu, sikuongeza wala sikupunguza," Remi alimwambia baadaye mlangoni, macho yamemtoka. "Ndivyo alivyosema. Mwaka jana sikuwapo. Hata wakati ule alisema hivi?"

Thuama alionyesha koo lake kwa kidole, kuwa linamuuma, akapita.

Sasa aliinuka jikoni bila kumaliza chai. "Naenda kwa Mama Sanga."

"Ukamwambie nini?" mkewe aliuliza.

"Ukweli."

"Upi?" alisema Hmangi. Thuama alikuwa ameshateremka ngazi.

Mama Sanga alikuwa ameketi sakafuni, amefungwa kiunoni na mkanda wa mtambo wa kufumia, nyuzi nyeusi na nyekundu zimetandazwa mbele yake hadi ukutani.

"Karibu, Mwalimu. Siwezi kuinuka, nimefungwa kama ng'ombe. Umekuja kwa ajili ya kopo. Mkeo ana mdomo mwepesi."

"Nimekuja kwa ajili yangu."

"Basi kaa. Usikalie nyuzi."

Akakaa. Ubao wa kufumia uligonga uzi juu ya uzi.

"Yale maneno ya mwaka jana..." alianza.

"Niliyasikia vibaya," alimkatiza. "Usinifariji, Mwalimu. Mtu mwenyewe kasema alituambia yale yale. Masikio yangu haya ya uzeeni yalisikia yalichotaka, na mwaka mzima nikayalalia kama mto. Sasa nimekaa hapa natafuta tundu liko wapi. Unajua wiki hii nimelipata? Siku ya tatu ya kufunga kwa ajili ya Sanga, kizunguzungu kilinizidi, nikanywa maji ya mchele. Kikombe kimoja. Hakuna aliyeniona." Ubao uligonga. "Kikombe kimoja, Mwalimu. Nimemuua mwanangu kwa kikombe cha maji ya mchele."

Njiani Thuama alikuwa amejiandalia maneno marefu yenye ngazi za kushukia taratibu. Hakubaki hata na moja.

"Hukusikia vibaya," alisema. "Mgeni hakuyasema. Niliyasema mimi."

Ubao ukanyamaza.

"Rudia."

"Mwaka jana alisema kama alivyosema mwaka huu. Mimi nikasema mengine."

"Ukamsingizia?"

"Nikamsingizia."

"Kwa nini?"

"Yake yalikuwa ya uongo. Na wewe ulikuwa umekaa pale, benchi la tatu."

"Ulinihurumia."

"Ndiyo." Angeweza kuishia hapo, mlango ulikuwa wazi na neno lilikuwa zuri. "Mwanzoni," akaongeza.

"Na kisha?"

"Kisha niliwaona mnalia. Nikaipenda sauti yangu. Nikapenda kanisa linisikilize bila mtu kujua ni mimi, ili wasinikatae. Ndiyo maana nikasema aalikwe tena."

Mama Sanga aliutazama ufumaji wake kana kwamba jibu limo ndani.

"Shuka ya Sanga," alisema hatimaye. "Nimempa mtu aliyekuwa akiniita muuaji."

"Ndiyo."

"Wewe umesimama katikati."

"Ndiyo."

Thuama alipokuwa akisubiri kulaaniwa, alisikia kicheko, kikavu, kinachokwaruza. "Mwalimu wewe! Una uzio ambao haujawahi kumzuia nguruwe hata mmoja. Miaka kumi nguruwe zako wananilia viazi. Na maneno yaliyonizuia nisijitupe bondeni yalikuwa ya kwako?"

"Si ya kwangu. Yamo kwenye Maandiko."

Kicheko kikakatika. "Yamo? Au hili nalo unalitengeneza kwa sababu nimekaa hapa?"

Swali lilimkata kuliko tusi. Miaka kumi na tisa ya darasa, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu alikataa kuuamini uso wake. Mama Sanga alinyoosha mkono akavuta Kitabu kilichofungwa kwa kitambaa. "Nionyeshe."

Thuama akasoma, kwa sauti ambayo bado ilikuwa na mikwaruzo ya ugonjwa: bustani, huzuni, ombi lile lile mara tatu, na kikombe ambacho hakikuondoka. Mama Sanga alisogeza uso karibu na karatasi, kwani macho yake yalikuwa na ukungu. "Tena," alisema. Akasoma tena. "Weka kidole changu hapo." Akakiweka. Kidole kile kilichopindishwa na nyuzi kilikaa juu ya mstari muda mrefu.

"Aliomba, na akafa," alisema Mama Sanga, kama mtu anayeonja chumvi.

"Na Baba yake hakumhesabia tundu."

"Yako hapa siku zote?"

"Siku zote."

"Basi kama yako hapa, Mwalimu, kwa nini uliyasema kwa mdomo wa mtu mwingine?"

Nje nguruwe mmoja alikoroma kwenye viazi, na wote wawili walijua ni wa nani.

"Mimi umeniambia," Mama Sanga alisema, akiushika tena ubao. "Lakini benchi la tatu sikai peke yangu. Mama Kimi kazika wawili. Anatafuta tundu lake wapi sasa hivi?"

"Nitasema kesho, mbele ya wote." Alisimama. Mlangoni akasita. "Na kopo?"

"Kopo ni langu na Mungu. Usilitie kwenye mizani yako."

Thuama alimkuta Hrangluta, mzee wa kanisa aliyepanga zamu za mimbari, barazani kwake akitafuna popoo.

"Dakika tano? Za nini?"

"Za kukiri kosa." Akamweleza lote, akiwa amesimama.

Hrangluta alitema mate mekundu juu ya ukingo wa baraza. "Thuama, ndugu yangu. Mgeni kaondoka. Watu watasahau. Kura ni mwakani, na safari hii jina lako linatajwa hata na wale wa nyumba za chini. Ukisimama kusema kwamba ulilidanganya kanisa toka kwenye mimbari yake, unadhani nani atakupigia?"

"Hakuna."

"Na barua ya kumwalika mara ya tatu iko mezani kwangu. Imebaki saini yako, wewe uliyemdhamini."

"Haitaipata."

"Ungekaa kimya tu ukaikataa barua. Inatosha."

"Nilishakaa kimya, Mzee. Ndicho nilichofanya nikitazama viatu vyangu."

Hrangluta alimtazama, akatikisa kichwa. "Tano," alisema. "Ya sita nagonga kengele mwenyewe."

Jumapili ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni na kukaa madirishani. Ngoma ilipiga wimbo wa mwisho, ikatulia. Hrangluta akataja jina, na Thuama akainuka, na miguu yake ikampeleka ilikozoea: kushoto kwa mimbari, kwenye ubao uliochakazwa na nyayo za watafsiri wa miaka mingi. Alisimama pale. Hrangluta alikohoa, akamwonyesha kwa kidevu: katikati.

Zilikuwa hatua mbili. Hakuwahi kujua kwamba ni ndefu vile.

Kutoka katikati aliona kila kitu. Aliona Hmangi amekaza midomo. Aliona Remi, na Mama Kimi mwenye macho ya mtu asiyelala. Aliona Mama Sanga kwenye benchi la tatu, wima, Kitabu magotini na kidole kimetiwa kati ya kurasa kama alama. Uso wake haukumpa kitu, wala msamaha wala hukumu. Alikuwa tayari kupima.

Na wengine wote, kama ilivyo desturi, walikuwa wakiutazama uso wa Mwalimu ili wajue mahubiri yatakuwaje.

Thuama alilowesha midomo. Alijikuta akisubiri, kwa mazoea ya miaka, sentensi ya mtu mwingine itangulie.

Haikuja.