Maji ya Kuoshea Kamba

...na magadi yenyewe yamebaki kijiko kimoja, labda kimoja na nusu, aliwaza Nasambu akiwa ameinamia jiko, kopo la magadi mkononi, maji yakianza kunong'ona ndani ya sufuria, na kando ya mlango kamba ya katani ya Patrobas imejikunja ndani ya karai, nyeusi kwa matope ya mvua hii ya El Nino isiyojua kupumzika, na mwenyewe Patrobas amekaa kwenye kizingiti, mgongo umeziba mwanga wote wa Kaloleni, anachokoa rangi kwenye kucha kwa msumari akimwambia mkewe kwamba Jumatatu wanapanda kupaka rangi tangi la maji la kiwanda, lile refu, na Phelister anauliza, "Na huogopi, Baba Nafula?" na yeye anacheka, "Woga ni wa watu walio chini, huku juu mtu ana kazi ya mikono tu," msikie, maneno ya kaka yake neno kwa neno, hata kicheko amerithi, Kweyu naye alikuwa anakaa hapo hapo akisema kupanda si kitu na kushuka si kitu, saa mbaya ni ile ya baada ya chai ya saa nne, mwili umeshiba, umefurahi, umesahau uko wapi, ndiyo maana yeye hushika kila fundo mara mbili kabla ya kukalia ubao wake wa kuning'inia, mara mbili, mtu wa namna hiyo... "Mathe! Maji vipi?" Mathe, mimi mamake, ananiita kama muuza githeri wa njiani, "Bado!" alijibu, na kweli yalikuwa bado, na mgongo ulimuuma, miaka sitini na tatu ya kuinamia moto huu au ule, na bado kuna mtu wa kukufokea maji... Kweyu hakufoka, alikataa, "Wacha tu, Mama, kamba haifuliwi," lakini nani alimsikiliza, mimi na usafi wangu, mimi nisiyeweza kulala nyumba moja na kitu kinachonuka grisi, maji yanayotokota na magadi konzi nzima, kamba ikalala humo kutoka Jumamosi hadi Jumapili jioni, ikatoka nyeupe, laini, wanawake wa mferejini wakasema Mama Kweyu anafua hadi kamba, nami nikavimba kichwa, na Kweyu akaivuta shingoni akasema hii sasa ni ya kufungia bibi arusi, hiyo Jumapili, na Jumanne... Jumanne mnyapara alikuja na kofia mkononi. Baadaye kwenye matanga akaleta sukari nusu gunia na hadithi yake, eti kijana alinuka pombe, eti hakufunga fundo vizuri, na watu wakatikisa vichwa, maana ni kweli Kweyu alikunywa, Jumapili alikunywa, lakini Jumanne alikunywa chai niliyompikia mimi, nami nikakaa kwenye mkeka na leso yangu kichwani, kimya, mimi ninayejulikana kwa mdomo kuanzia hapa hadi Makongeni, kimya, kwa sababu gunia la vitu vyake lilikuwa limeshaletwa na kamba ilikuwamo, vipande viwili, na fundo bado limekaza kama alivyolifunga, na nilipovuta uzi mmoja kwa vidole viwili tu ukakatika kama kunde. Kunde. Tangu utotoni najua magadi hulainisha kunde ngumu hadi zipondeke, najua vizuri kuliko mtu yeyote, na nikaitia kamba yote jikoni kabla Patrobas hajarudi kutoka mochari, ikaungua upesi, na miaka sita naitwa Mama Kweyu asubuhi na jioni na ninaitika... Basi leo si kitu, leo ni maji baridi, aliamua, niisugue kwa brashi, niianike kivulini, niseme imefuliwa, nani atauliza, watasema ni ujinga wa uzee wangu, "Sisi hatuanguki ovyo," Patrobas alikuwa anaendelea mlangoni, "anayeanguka ni mlevi, marehemu Mungu amsamehe alipenda chupa, mimi sijawahi hata kuonja, nitaanguka na nini?" na Phelister akaitikia, msichana mzuri, mwenye mikono mepesi, akapaza sauti kuelekea jikoni, "Mama, unifundishe hiyo dawa yako ya kamba, Baba Nafula anasema ya shemeji ilikuwa inang'aa, ndiyo nami niwe namfulia," dawa yangu, kumbe wameukumbuka weupe wake, wote wameukumbuka, na siku nitakayolala mimi makaburini pale Lang'ata huyu msichana atachemsha maji kwa mapenzi yake yote... na mumewe huko juu atashika mafundo mara mbili, atayakuta mazima, atakaa. Chini ya uso wake maji yalikuwa yakirukaruka, yanatema matone kwenye makaa, na yeye bado ameinama vile vile, kopo mkononi, kamba ndani ya karai, mgongo wa Patrobas mlangoni. "Mathe, hata sasa hayajachemka?" "Yamechemka zamani," alisema Nasambu. "Ingieni ndani nyote wawili, mkae. Kweyu hakuwa amelewa."