Msindikizaji Mgongoni

Haya nilisimuliwa na Bernadine, aliyekuwa mpishi wa kituo, kiangazi kilichopita tukichambua matunda ya porini barazani kwake. Alicheka mpaka akamwaga bakuli.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa kituo cha uponyaji. Akina mama wa Kikrii, wenyeji wa asili wa Kanada, walikuwa wamehangaika miaka na miaka, wakiomba binti zao waliofungwa gereza la mbali warudishwe, watumikie vifungo kwenye ardhi yao wenyewe, kwa maombi na kazi. Serikali ikakubali shingo upande. Ukuta haukuwepo. Ua ulikuwa mmoja tu, nao ni wa farasi. Wafungwa mpaka wao ulikuwa barabara ya changarawe: ukiivuka bila msindikizaji, umetoroka.

Delima, mmoja wa wafungwa hao, aliiogopa barabara ile kuliko wote. Ijumaa mwanawe Clovis, wa miaka minne, angeletwa aishi naye pale kituoni. Kosa moja tu, na mtoto haji.

Basi Jumatano mchana farasi jike wa kijivu, mwenye mimba, akavunja ua, akavuka barabara, akashika njia ya reli. Na treni ya ngano ilikwisha piga honi kule maghalani!

Delima akatimua mbio, kamba mkononi. Farasi yule alimsikia yeye peke yake. Alipofika ukingoni mwa barabara akasimama ghafla. Mama Verna, mkuu wa kituo, alikuwa amekwenda mjini.

"Unangoja nini?" Bibi Rosalie, mzee wa maombi, alikuja akichechemea na nyonga yake mbovu.

"Msindikizaji, Bibi!"

"Na mimi ni nani, kisiki? Jina langu limo kwenye orodha ya wasindikizaji."

"Utaweza kukimbia wewe?"

"Nani kasema nitakimbia? Inama!"

Delima akainama. Bibi akadondosha tumbaku kidogo ardhini, kama wanavyofanya wakiomba, akapanda mgongoni. Wakavuka.

"Kaza mwendo! Marehemu mume wangu alikupita, naye alikuwa na mguu wa mti!"

"Bibi, unanikaba!"

"Nikuachie nianguke? Kimbia!"

Honi ikalia tena, karibu mno. Delima akamtua Bibi kwenye nyasi, akapiga mluzi. Farasi, katikati ya reli, akasimamisha masikio. Mluzi wa pili, huyo anakuja! Kamba ikaingia shingoni, na treni ikapita ikimpeperushia Bibi kitambaa chake.

Waliporudi, Bibi yuko mgongoni tena, farasi nyuma, Mama Verna alikuwa amesimama kando ya gari.

"Delima! Umevuka?"

"Kavuka na msindikizaji," Bibi akajibu kutoka juu.

"Msindikizaji anabebwa?"

"Nionyeshe kitabu chenu kilipoandika lazima atembee."

Mama Verna akakitoa kitabu cha kanuni garini, akapekua ukurasa kwa ukurasa. Hatimaye mkuu akakifunga, akauma midomo asicheke, akashindwa.

"Huyo mtoto asubuhi anakula nini?"

"Uji," Delima akasema, machozi yakamtoka.

Ijumaa Clovis akaja, akacheza mpaka akasinzia tonge mdomoni. Delima akambeba kitandani, akaapa atakaa kumtazama tu. Hakumaliza hata kuvua viatu, usingizi ukamchukua.