Vidole vya Kabange

Kyungu na Kabange, mapacha wa darasa la pili, walikuwa na njia yao ya kujumlisha. Madame Wivine, mwalimu wao katika shule ya mtaa wa Bel-Air, akiandika nane na tano ubaoni, Kyungu alinyoosha vidole vinane, Kabange vitano, wakavihesabu vyote huku wanacheka. Ikija hesabu ya kutoa, walikunja kimoja kimoja mpaka jibu libaki. Madame aliwaacha. Jibu lilikuwa sahihi, na watoto walikuwa na furaha.

Kisha wazazi wao wakaachana. Baba, mchuuzi wa samaki wakavu, akarudi kwao mbali, mjini Pweto, akamchukua Kabange. Kyungu akabaki na mama.

Tangu hapo Kyungu hakuvuka kumi. Vidole vikimwishia, aliweka mikono juu ya dawati na kuacha hesabu hapo. Madame Wivine akamletea vijiti. Akamchorea mstari wa namba sakafuni kwa chaki, aruke toka nane kwenda mbele. Kyungu akasimama kwenye nane, hakuruka. Hata Madame alipomnyooshea vidole vyake mwenyewe, mtoto alivitazama tu kama vitu vya mgeni.

Siku moja, wenzake walipotoka kucheza, Madame alichutama kando yake.

"Tujaribu njia ingine. Nane inakosa ngapi ya kufika kumi?"

"Mbili."

"Bon. Kwa ile tano, toa mbili, upe nane. Inabakia ngapi?"

"Tatu."

"Sasa uko na kumi, uko na tatu. Yote pamoja?"

Kyungu akauma mdomo.

"Unajua, Kyungu. Juu ya nini hausemi?"

Mtoto akainamisha kichwa. "Nikijua peke yangu, habatamurudisha Kabange."

Juzi tu mama yake Kyungu alikuwa amemwambia Madame Wivine kwamba baba hapokei tena simu. Mwalimu angeweza kudanganya, na alitamani sana kudanganya.

"Hata ukikosa hesabu, mtoto wangu," akasema polepole, "habatamurudisha."

Nje watoto walikuwa wakipiga kelele za mpira. Kyungu alimtazama kama anayengoja neno lingine.

"Kumi na tatu," akanong'ona, kisha akaficha uso katika kikwembe alichojifunga mwalimu wake, akalia.

Jibu hilo Madame alikuwa amelitafuta majuma mazima. Sasa alitamani kama asingalilisikia.