Gauni la Zamarada

Siku ya kwanza Fundi alipoletwa kwenye chumba cha mashine, alijilaza akageukia ukuta, na muuguzi aliyeitwa na wote Sista alipomsalimu, alijibu kwa kuinua kidole kimoja tu. Alikuwa ameshona magauni ya harusi kwa miaka thelathini na mmoja. Baadhi ya mabibi harusi waliopita mikononi mwake sasa walikuwa mabibi wa kweli, wenye wajukuu. Presha ilimla taratibu kama mchwa, nje mzima, ndani unga, na siku daktari alipomwambia figo zote mbili zimechoka, alirudi nyumbani, akaifunika cherehani yake kwa shuka, akaketi.

Binti yake, aliyefanya kazi ya kukata tiketi kwenye stesheni ya mabasi, alimbembeleza kwa siku nne.

"Mama, ni mara tatu kwa wiki tu. Unakaa saa nne, mashine inasafisha damu, unarudi zako nyumbani."

"Na inakwisha lini?"

Binti akatazama sakafu. Haikuwa na mwisho, na wote wawili walilijua hilo.

"Nitakupa mwezi mmoja," Fundi alisema. "Ukiisha, usiniulize tena."

Basi akaanza kwenda, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Chumba kilikuwa na viti vitatu vya kuegemea, na ubavuni mwa kila kiti mashine yenye urefu wa kabati la vyombo. Sista alikupima uzito, akakudunga sindano mbili nene, akakulaza mkono juu ya mto, na kuanzia hapo mkono huo haukuwa wako tena. Hukunji, hujikuni. Kulikuwa na dirisha la vioo vya ukungu, na juu ya mzani kulikuwa na televisheni.

Kiti cha kati alikaa mzee aliyekuwa dereva wa malori, akiitwa Breki kwa sababu alipokuwa kazini hakuna aliyewahi kumwona akizikanyaga. Kiti cha mlangoni alikaa Mwalimu, mstaafu wa hesabu, mtu mwembamba aliyekuja hospitali na shati lililopigwa pasi hadi mikono. Hawa wawili hawakukubaliana juu ya jambo lolote duniani, na saa nne asubuhi, tamthilia ilipoanza, ndipo walipopata uwanja.

Tamthilia yenyewe ilitoka nchi ya mbali na ikatiwa sauti za Kiswahili, kwa hiyo mtu alifunga mdomo na maneno yakaendelea kutoka. Ilimhusu Zamarada, msichana mfua nguo aliyekuja kugundua kwamba yeye ndiye mrithi halali wa kasri alilokuwa akifulia. Bibi Mkubwa, mjane aliyelishikilia kasri hilo, alimtesa kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili, ambapo haikuonyeshwa. Kulikuwa pia na shangazi aliyeungua akafa katika sehemu ya arobaini, akarudi katika sehemu ya sitini na moja akiwa mzima, ila amefunga jicho kwa kitambaa cheusi.

"Jicho la kushoto," Mwalimu alisema asubuhi moja. "Juzi lilikuwa la kulia. Nani ananiona mimi mjinga?"

"Hakuna, Mwalimu. Wewe tazama."

"Na lile kofi. Bibi Mkubwa amempiga binti wa watu kofi moja, wao wamelionyesha mara tatu, kwa pande tatu. Moja si tatu. Hata darasa la kwanza wanajua."

"Hesabu zako hazijawahi kupigwa kofi," Breki alijibu. "Kofi la dhuluma halipigi mara moja. Unalisikia leo, unalisikia kesho ukioga, unalisikia mwakani. Hao wameonyesha mara tatu tu, wamepunguza."

"Na upepo? Wako sebuleni, madirisha yamefungwa, nywele za Zamarada zinapepea."

"Hapo," Breki alikiri, "sina la kusema."

Kisha akaendelea kwa sauti ya chini. "Nimeshika usukani miaka ishirini na minane. Barabarani mtu mbaya hana muziki. Anakuja anacheka, anakusaidia kubadilisha tairi, asubuhi unakuta turubai limechanwa na nusu ya mzigo haipo. Hapa Bibi Mkubwa hata hajafungua mlango, ngoma zimeshalia. Naambiwa mapema. Mtu akifika umri wangu anastahili kuambiwa mapema."

Mwalimu alikohoa kwa dharau, lakini macho hayakutoka kwenye televisheni.

Fundi alisikia yote haya akiwa amegeukia ukuta. Wiki ya kwanza yalimkera. Wiki ya pili aligundua kwamba ukuta una rangi ya maziwa iliyopakwa na mtu mvivu, na kwamba masikio hayana kope. Jumatano ya wiki ya tatu, Bibi Mkubwa alipokuwa akishuka ngazi kwa kiburi katika gauni la zambarau, Fundi aligeuza kichwa, akatazama, akasema:

"Hilo gauni limegeuzwa."

Wanaume wawili wakamgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake ikimaliza sentensi.

"Limegeuzwa vipi, dada yangu?" Breki aliuliza kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumtisha ndege.

"Ndilo alilovaa yule marehemu shangazi kwenye mazishi."

"Mazishi yake mwenyewe?"

"Ya mumewe. Nililichungulia Ijumaa. Wakati ule zipu ilikuwa mgongoni. Sasa limepinduliwa ndani nje, zipu imehamia ubavuni, na pale kifuani wameongeza kipande kwa sababu Bibi Mkubwa ni mnene kuliko shangazi. Tazama anapogeuka. Hapo. Umeona rangi ilivyokolea kwenye mshono? Hapo jua halikuwahi kufika."

Mwalimu alifurahi, si haba. "Kasri zima, mali mpaka darini, na nguo moja inavaliwa na wawili. Andika hiyo, Sista. Kasoro ya arobaini na tatu."

"Sijasema ni kasoro," Fundi alisema.

"Ni nini basi?"

"Ni kazi. Kupindua kitambaa cha namna hiyo bila kuacha alama ya sindano si mchezo. Kuna mtu kakaa huko, kapewa gauni moja na wanawake wawili, kaambiwa kesho asubuhi. Na amewaweza. Nyinyi wawili mmetazama mwezi mzima, nani aliona?"

"Hakuna," Breki alisema.

"Basi."

Toka siku hiyo mabishano yakawa ya watu watatu. Breki alitetea mioyo ya watu wa kasri, Mwalimu alihesabu makosa yao, na Fundi alikuwa hakimu wa mavazi. Zamarada alipotoroka usiku kwa farasi, Mwalimu alitaka kujua msichana maskini alijifunzia wapi kupanda farasi, na Fundi alisema swali si hilo, swali ni kwamba sketi ile ni ya kubana na haiwezi kupanda hata kitanda. Sista alilazimika kuja kupima presha zao upya, maana walicheka mpaka mashine ya Breki ikapiga king'ora.

Lakini kicheko ni kitu kimoja na uchovu ni kingine. Fundi alirudi nyumbani kila mara amelegea kama kitambaa kilichokamuliwa. Aliikuta cherehani chini ya shuka, akapita. Majirani walikuja kumuuliza anajisikiaje, wakaondoka, wakaja wengine kuuliza lile lile. Mwezi ulipotimia, siku ya Jumatatu, binti yake alimkuta ameketi kitandani, hajavaa viatu.

"Nimemaliza," Fundi alisema. "Nilikuambia mwezi."

Binti alilia. Alimkumbusha alivyosema daktari, kwamba bila mashine maji yatapanda mapafuni. Fundi alimshika mkono. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka kuwa mtu wa kusafishwa tu, kama kapeti.

Jumatatu ikapita. Sista alipiga simu mara mbili, haikupokelewa. Jumanne miguu ya Fundi ilivimba mpaka ngozi ikang'aa, na akilala chali pumzi ilimkatika, kwa hiyo alilala ameketi. Hofu aliyodhani ameshaizoea ikaja kukaa naye. Jumatano asubuhi, saa tano kasoro, simu ya binti ililia tena, na binti akamwekea mama yake sikioni bila kumwomba ruhusa.

"Fundi," sauti ilisema. "Ni Mwalimu hapa. Nimeazima simu ya Sista."

"Kama unataka kunihubiria, Mwalimu..."

"Sikuhubirii. Kuna mzozo. Zamarada leo kaolewa."

Fundi akaishika simu mwenyewe.

"Na yule daktari wa farasi, si yule mwanasheria. Nitakueleza. Mwanasheria aligundulika kuwa kaka yake wa kambo katika dakika ya saba. Ushahidi wenyewe ni alama ya kuzaliwa begani, mambo ya kipuuzi kabisa. Dakika ya kumi na mbili Bibi Mkubwa kazimia, lakini amezimia vibaya, alitazama kwanza kochi liko wapi. Dakika ya kumi na tano bibi harusi akatokea. Sasa sikiliza. Breki anasema gauni ni jipya kabisa. Mimi nasema ni pazia la sebuleni, lile lenye maua. Tumebishana mpaka Sista ametutishia kuizima. Tunahitaji mtaalamu."

Nyuma yake Breki alisikika akisema, "Mwambie si pazia."

"Mikono ilikuwaje?" Fundi aliuliza.

"Mikono ya nani?"

"Ya gauni, Mwalimu."

"Mipana. Sijui. Mimi ni mtu wa hesabu, naona umbo tu, kama pia ya kuchezea iliyosimama kwa ncha."

"Kola?"

"Usiniulize vitu ambavyo sikuvisomea." Akavuta pumzi. "Wanarudia saa nane mchana. Sista anasema kiti chako kiko wazi na ukija sasa hivi utawahi. Amemwita daktari pia, maana umekosa siku. Lakini hilo ni lake na wewe. Mimi suala langu ni pazia."

Simu ikakatika. Binti alikuwa amesimama mlangoni na viatu vya mama yake mkononi. Fundi alitazama viatu. Kwa mwezi mzima, na miezi iliyotangulia, kila aliyemkaribia alitaka kujua anaumwa wapi. Hakuna aliyetaka kujua anajua nini. Huyu mzee, asiyeipenda tamthilia wala kuisifia, alikuwa ameikariri dakika kwa dakika ili apate sababu ya kumwuliza jambo ambalo ni yeye tu angeweza kulijibu.

"Nivalishe," alisema. "Polepole, miguu imejaa."

Daktari alimgombeza, akamwekea oksijeni, akaongeza muda wa mashine. Breki na Mwalimu walikuwa wamemaliza zamu yao tangu adhuhuri, lakini hawakuondoka. Walileta viti vya plastiki kutoka ukumbini, wakaketi kila mmoja upande wake, na bendeji zao nyeupe mkononi. Saa nane marudio yakaanza. Zamarada alitokea mlangoni, upepo ukavuma kutoka kusikojulikana, na watu watatu wakainamia mbele.

"Ni pazia," Fundi alisema kupitia barakoa ya oksijeni.

Mwalimu alijiweka sawa kwenye kiti kama mtu aliyepewa shahada ya pili.

"Lakini," Fundi aliendelea, "limekatwa na mtu anayejua. Ameyapanga maua yote yakakutana kwenye mshono. Breki naye hajakosea. Kwa Zamarada ni jipya."

Baadaye, Breki alipokwenda kutafuta chai, Fundi alimgeukia Mwalimu. "Huipendi. Kwa nini huikosi?"

Mwalimu alisugua miwani yake kwa shati. "Mwaka wangu wa kwanza hapa televisheni ilikuwa mbovu. Nilihesabu vigae vya darini. Mia mbili na kumi na viwili. Nikarudia, bado mia mbili na kumi na viwili. Nilikuwa karibu kuacha kuja. Kisha wakaleta televisheni mpya." Akavaa miwani. "Vigae vinaisha, Fundi. Makosa ya hawa watu hayaishi. Kila siku naondoka hapa nina jambo la kubishia kesho."

Fundi alilifikiria hilo wiki nzima. Hakumwambia mtu kwamba ameamua kuendelea. Alikwenda tu, Ijumaa, kisha Jumatatu, na binti yake akajifunza kutouliza.

Siku moja Sista alikuja kumtoa sindano, akakawia kuliko kawaida. Alikuwa amevishwa pete, na pete yenyewe ilimpa taabu kila alipovaa glavu.

"Mama," alisema, "bado unashona?"

"Kwa nini?"

"Nataka la kwangu liwe kama lile la Zamarada."

"Lile pazia?" Mwalimu aliuliza kutoka mlangoni.

"Nyamaza, Mwalimu. Hapa yanazungumzwa ya wanawake," Breki alisema.

Fundi alimtazama Sista kuanzia mabegani hadi viatuni, kwa macho ambayo binti yake hakuwa ameyaona tangu mwaka uliopita. "Mikono ile mipana hapana, itakumeza. Maua kwenye mshono nitakupa. Siku za mashine sishoni, na siku inayofuata nashona nusu. Itachukua miezi mitatu. Yamkini minne."

"Nitasubiri."

"Geuka."

Hakuwa na futi ya kupimia, na mkono mmoja ulikuwa bado juu ya mto. Akanyoosha ule ulio huru, akatandaza kidole gumba na cha mwisho, akaanza kumpima Sista mgongo kwa shubiri, kutoka bega hadi bega.

"Mwalimu, andika. Shubiri mbili na upana wa kidole."

"Shubiri ya nani?" Mwalimu alisema, huku akitafuta kalamu mfukoni. "Hicho si kipimo. Yangu na ya Breki hazilingani."

"Ya fundi," Breki alimjibu. "Andika tu."

Mwalimu akaandika.